Jinsi ya Kuikagua Pikapu ya Kabini Mbili kwa Kazi za Kila Siku na Safari za Mapumziko

Pikapu ndogo ya kabini mbili hununuliwa na mtu mwenye maisha mawili. Jumatatu hadi Ijumaa yuko nayo kwenye foleni ya Ubungo, peke yake na mkoba wa kompyuta, na Jumamosi anataka impeleke Mikumi, Pangani au Lushoto pamoja na watoto, hema na mtungi wa gesi. Muuzaji huionyesha katika hali ya tatu isiyohusiana na maisha yote mawili, yaani ikiwa tupu, imeoshwa, na imesimama juu ya sakafu ya zege. Ukaguzi ninaoueleza hapa unakusudia kuitoa katika hali hiyo, ichunguliwe uvunguni, ipakiwe mzigo na ifikishwe kwenye udongo kabla fedha hazijatoka mfukoni. Nazungumzia zaidi pikapu zilizotumika zinazouzwa Tanzania, za ukubwa wa Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Nissan Navara, Mitsubishi L200 na Ford Ranger.

Kabla hujaenda kuangalia gari lolote, kaa uandike safari zako za miezi mitatu iliyopita kama zilivyokuwa, si kama ulivyotamani ziwe. Ukigundua kwamba ulibeba mzigo mara mbili tu, na mara zote ulikuwa mifuko michache ya saruji ndani ya mji, basi huenda unachohitaji ni gari dogo la kawaida na kukodi Kirikuu siku ya mzigo, kwa kuwa Suzuki Carry hiyo ya cc 660 huimaliza kazi ya namna hiyo kwa gharama ndogo. Pima pia mahali utakapoegesha, kwa sababu Hilux ya kabini mbili ina urefu wa karibu mita 5.3 na huhitaji nafasi kubwa kugeuka. Nimemwona mtu akibomoa nguzo ya geti lake wiki moja baada ya kununua.

Baada ya hapo fanya hesabu ya uzito. Watu husema "tani moja" kana kwamba ni sifa ya kila pikapu, lakini kabini ya pili, na milango na viti vyake, mara nyingi hula sehemu ya tani hiyo. Bamba lililopigiliwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, gari pamoja na vyote vilivyomo, na ukitoa humo uzito wa gari tupu ulioandikwa katika kitabu chake unapata uwezo wake halisi wa kubeba. Tuseme ni kilo 2,800 kutoa 1,900, zinabaki 900. Watu wazima watano ni karibu kilo 350, kanopi na keria ya juu ni kama 80, maji ya pipa moja la lita 200 ni kilo 200, na madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni karibu kilo 35. Hujapakia hema, jokofu wala chakula, na tayari umebakiwa na kilo 235.

Asili ya gari hueleza mengi kuliko namba zake za usajili. Tumezoea kusema "hii ni namba D" kama tunaotaja umri, ilhali herufi hizo huonyesha wakati gari liliposajiliwa nchini, na gari lililotengenezwa mwaka 2008 huweza kuingia miaka kumi baadaye likapewa namba mpya. Isome namba ya chesisi yenyewe. Kwa Hilux, namba inayoanza na MR0 ni ya Thailand na inayoanza na AHT ni ya Afrika Kusini. Dalali akikuapia kwamba Hilux ya mwaka 2010 ilikuwa ya mzee mmoja wa Japani aliyekuwa akienda nayo sokoni tu, msikilize kwa adabu, lakini kumbuka kwamba Toyota haikuwa ikiuza Hilux nchini Japani kuanzia 2004 hadi 2017.

Kila nchi huacha alama zake. Gari lililotoka Uingereza husoma maili, hivyo 95,000 kwenye dashibodi ni karibu kilomita 153,000, tena limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo huitafuna chesisi kimyakimya. Gari la Thailand huweza kuwa Prerunner, toleo lililoinuliwa na kuonekana kama la magurudumu manne ingawa nguvu ya injini huenda nyuma tu. Usitosheke na stika ya ubavuni, chungulia chini uone kama kuna difu ya mbele, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu, na propela, ule mhimili unaozunguka, inayoifikia. Lile lililouzwa jipya hapa nchini likatumika kwenye mradi vijijini linaweza kuwa limechoka sana, ila mara nyingi huwa na kumbukumbu za huduma, na kumbukumbu hizo naziamini kuliko rangi inayong'aa.

Sasa lala uvunguni. Niliwahi kulipia pikapu ambayo chesisi yake ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito, nikadhani ni matunzo. Miezi minne baadaye fundi aliikwangua kwa bisibisi akakuta tundu la kupitisha kidole gumba juu ya ekseli ya nyuma. Tangu hapo rangi mpya ya uvunguni kwangu ni swali linalodai jibu. Gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye mabano ya springi, juu ya ekseli, nyuma ya magurudumu ya nyuma na pale bodi, yaani sehemu ya kubebea mzigo, inapofungwa kwa boliti. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa na kumwaga magamba. Kutu nyepesi ya juujuu si tatizo kwa gari la Pwani. Tatizo ni kutu inayobanduka kwa tabaka, na viraka vya kuchomelea ambavyo muuzaji hakuvitaja.

Ukiwa huko chini, hesabu vyuma vya springi za nyuma upande wa kulia na wa kushoto. Vikizidi kimoja kuliko vya kiwandani, gari lilikuwa likibebeshwa kupita kiasi, na ukikuta kimoja kimepasuka tafuta pia ufa kwenye mabano. Kisha simama pembeni utazame mwanya kati ya kabini na bodi, ambao unapaswa kuwa na upana uleule juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, chesisi huenda imepinda. Kama bodi ina zulia la plastiki, omba liinuliwe, kwa kuwa maji hujificha hapo.

Kwa injini, fika mapema bila kutoa taarifa ya saa kamili, na weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Injini ya dizeli iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka, moshi na mgongano wa nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Ikiwaka baridi, moshi mweupe kidogo unaoisha haraka si wa kutisha. Wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, na mweusi mzito unapokanyaga mafuta huashiria nozeli, turbo au uingiaji mbovu wa hewa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: mvuke mdogo ni kawaida, lakini ikipumua kwa nguvu kama sufuria ya maharage, pistoni na ringi zake zimechoka.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa dizeli hawalipendi. Pikapu za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Japani katika miaka ya karibuni huwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha gari linapokwenda mwendo wa kutosha kwa muda. Mtu anayeishi Kinondoni, anayefanya kazi Posta, na anayetoka nje ya mji mara moja kwa mwezi, atakiziba. Kwa mtu huyo injini ya petroli ya lita 2.7 ya Hilux, pamoja na ulafi wake wa mafuta, inaweza kumgharimu kidogo kuliko dizeli anayoisifu.

Jaribio la mzigo ndilo wanunuzi wengi huliruka, nami naliona kuwa na thamani kuliko mengine yote. Kubaliana na muuzaji mapema kwamba utaliendesha gari mara mbili katika njia moja, njia yenye lami, matuta, kipande cha vumbi chenye makunyanzi na mlima japo mfupi. Mzunguko wa kwanza gari liwe tupu, na mtu mzima akae kiti cha nyuma, ikiwezekana yule atakayekikalia daima. Springi za nyuma zimeundwa kwa ajili ya mzigo, kwa hiyo pikapu tupu hurukaruka nyuma na kuteleza pembeni kwenye makunyanzi hata ikiwa nzima kabisa. Jambo la kujiuliza ni kama wewe na mama yako mwenye maumivu ya mgongo mtauvumilia mruko huo, kwa sababu siku nyingi za mwaka gari litakuwa tupu. Migongo ya viti vya nyuma katika pikapu nyingi imesimama wima. Nusu saa inatosha kumfanya abiria aseme ukweli.

Mzunguko wa pili pakia mifuko sita ya saruji, yaani kilo 300, au viroba vya mchanga vya uzito huo, ukiipanga karibu na kabini na kuifunga. Kabla ya kuondoka tazama gari kutoka nyuma: likilala upande mmoja, springi au mabano ya upande huo yana hitilafu. Katika njia ileile, sikiliza tairi linalogusa fenda kwenye tuta, hisi kama usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, na funga breki kwa nguvu mara tatu mfululizo mahali salama ili uone kama pedali inazama au gari linavuta pembeni. Mlimani, ukiwa gia ya tatu, kanyaga mafuta. Mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Mshale wa joto usisogee. Mwishoni egesha, acha injini ingurume dakika tano, na uchungulie tena uvunguni, kwani uvujaji ambao haukuonekana asubuhi hujitokeza wakati huo.

Mfumo wa magurudumu manne ujaribiwe kwenye udongo au mchanga, si kwenye lami kavu. Pikapu nyingi za aina hii hazina difu ya katikati, hivyo ekseli za mbele na za nyuma hulazimika kuzunguka sawasawa, na ukikata kona kwenye lami vyuma hujibana. L200 zenye mfumo uitwao Super Select ni miongoni mwa chache zinazoruhusu 4H, yaani magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, kwenye lami. Ingiza 4H, nenda moja kwa moja, kisha kata kona taratibu. Simama, weka gia huru, ingiza 4L, yaani magurudumu manne kwa gia nzito ya mwendo mdogo, panda kijilima bila kukanyaga mafuta sana. Taa ya dashibodi inayopepesa bila kutulia inamaanisha mfumo haujashika. Wamiliki wengi wa mjini hawaugusi kwa miaka, na muuzaji anayesema "huo hauhitajiki" aghalabu anajua kwamba umekwama.

Tairi husomwa haraka: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwake ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ikiwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuhusu usalama usiamini jina la gari peke yake. Mwaka 2016 Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari kwenye ajali, iliipa Hilux nyota 3 ikiwa na vifaa vya kawaida na nyota 5 ikiwa na kifurushi cha ziada cha usalama, kwa hiyo uliza gari lililo mbele yako lina nini, na hakikisha taa ya mifuko ya hewa inawaka unapofungua swichi kisha inazima.

Yakiisha haya, linganisha jina kwenye kadi ya gari na kitambulisho cha anayeuza, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye chuma, na uangalie madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kusaini mkataba. Katika bei, tenga kando fedha za wiki ya kwanza: oili ya injini, ya gia boksi na ya difu zote, filta ya dizeli na ya hewa, na mkanda wa timing kama injini ni 2KD au 1KD, zile dizeli za Toyota, ambazo mkanda wake kwa kawaida hupangiwa kilomita 150,000. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huweza kuzimwa kwa dakika moja bila mkanda kuguswa, hivyo pasipo risiti ya gereji ubadilishe tu, na umwambie fundi akurudishie ule wa zamani mkononi.