Namna ya kufuatilia majalada ya Wizara ya Makoloni

Anza na mwaka, jina la wizara liache kwanza. Mimi nilipoteza siku mbili nikiitafuta Mombasa ya 1902 ndani ya CO 533 (CO ni alama ya Wizara ya Makoloni, 533 ni ya Kenya), kumbe Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliipokea Kenya Aprili 1905. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya Wizara ya Mambo ya Nje, na majalada yake yana alama FO. Zanzibar ilichelewa zaidi, hadi 1913.

Wizara yenyewe ilitenganishwa na ile ya Vita 1854, ikaunganishwa na nyingine 1966, basi. Linalokuhusu ni namba. Tanganyika ni CO 691 mpaka 1951, kisha hamia CO 822 ya Afrika Mashariki. Ukivuka Desemba 1961 tafuta alama DO, maana nchi huru za Jumuiya ya Madola zilishughulikiwa na ofisi nyingine ya London.

Yote yako kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, mtaa wa Kew, London. Katalogi iko mtandaoni, kwa hiyo namba ziandike ukiwa bado nyumbani. Beba penseli (wino ni marufuku) na simu ya kupigia picha.

Jalada likishafika mezani usikimbilie barua ya gavana. Soma madokezo. Karani anaeleza suala, mkubwa wake anabisha, wa juu kabisa anaandika maneno mawili na herufi za jina lake. Kuna jalada nililisoma, barua ya gavana kurasa mbili, madokezo saba, na ubishi wote ni nani atalipa. Barua iliyorudi kwa gavana ilikuwa na adabu tupu. Pesa haikutajwa hata mara moja.

Jalada likikosekana, omba rejesta ya masjala ya mwaka huo. Pengine utakuta muhuri kwamba liliteketezwa kwa mujibu wa sheria. Inauma, ila mstari mmoja unabaki: nani aliandika, lini, kuhusu nini. Nakili mstari huo.

Kisha nenda nao FCO 141. Hayo ni majalada ya serikali za makoloni zenyewe, yaliyobebwa wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoibana serikali ikakiri 2011. Barua iliyochomwa London huenda nakala yake ilibaki kwa aliyeituma.