SOMO: Tachi ya simu imegoma? Jua kilichokufa kabla hujafuta data au kununua kioo

Habari wakuu. Kinachoniuma kwenye suala hili ni mtu kufuta picha zake zote kwa kuirudisha simu kiwandani (factory reset), halafu tachi ikabaki vilevile kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye programu. Kwa hiyo hapa mambo yasiyo na hasara yanatangulia, ya kufuta yako mwisho kabisa.

Tuelewane kwanza. Kuna kioo cha juu unachokigusa, kuna tachi inayohisi kidole, na kuna displei inayotoa picha. Simu nyingi za sasa zimevigandisha pamoja, lakini kimoja kinaweza kufa na vingine vikabaki vizima, ndiyo maana picha inaonekana safi na kidole hakijibiwi. Tachi hizi hazihisi mgandamizo, zinahisi badiliko dogo la umeme linaloletwa na kidole. Kubonyeza kwa nguvu hakusaidii chochote.

Hatua ya 1: Vua kila kitu. Chomoa chaja, toa kava, futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, kausha vidole vyako pia. Protekta nene au iliyoingia hewa, ibandue. Simu ikijibonyeza yenyewe ikiwa kwenye chaji na ikatulia ukichomoa, mshukiwa wa kwanza ni chaja au waya wake. Jaribu nyingine kabla ya kuilaumu tachi. Na kama tachi imerudi baada ya kubandua protekta, angalia kwenye mipangilio: Samsung na Pixel nyingi zina sehemu ya kuongeza wepesi wa tachi kwa watumiaji wa protekta.

Hatua ya 2: Iwashe upya kwa lazima. Kwa Android nyingi, shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti mpaka izime na nembo itokee. Kwa iPhone 8 na kuendelea, bonyeza na uachie cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni mpaka uone nembo ya tufaha. Hakuna kinachofutika.

Hatua ya 3: Pima kioo chote. Usiiruke hii kama tachi bado inafanya kazi hata nusu. Shikilia ikoni ya programu yoyote mpaka inyanyuke, kisha iburute polepole bila kuinua kidole: kulia hadi kushoto, shuka kidogo, kushoto hadi kulia, mpaka ufike chini. Angalia inapoponyoka. Rudia. Ikiponyoka kwenye mstari uleule kila mara, sehemu hiyo ya tachi imekufa na hakuna programu itakayoifufua. Ikiponyoka ovyo, mara hapa mara pale, bado kuna matumaini: huenda ni programu, chaja, au fleksi (waya bapa unaounganisha kioo na simu) iliyolegea ndani.

Wenye Samsung, nyingi zinakubali *#0*# kwenye sehemu ya kupigia. Chagua kipimo cha tachi, paka vidole kote, na kisanduku kisichobadilika rangi ndicho kilichokufa.

Hatua ya 4: Hali salama (Android). Izime, iwashe, na nembo ikitokea shikilia kitufe cha kupunguza sauti. Simu nyingi huingia hivyo. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Tachi ikiwa nzima humo, anza kuondoa programu ulizoweka karibuni, moja moja.

Hatua ya 5: Okoa data. Hapa ndipo hata wenye tachi iliyokufa kabisa wanapona. Simu nyingi za Android zinakubali mausi ya kawaida ya kompyuta kupitia kebo ya OTG, ile inayokuwezesha kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu. Chomeka, kishale kitatokea kwenye kioo, fungua loki nacho na uhamishe picha na namba zako. Sehemu iliyokufa ikiwa ndogo, jaribu kuigeuza simu kilalo. Kitufe kilichokuwa hapo kitahama.

Hatua ya 6: Kurudisha kiwandani. Fanya hivi tu ikiwa kipimo cha hatua ya 3 hakikuonyesha sehemu iliyokufa. Hakikisha unaikumbuka barua pepe na nenosiri la akaunti ya Google au Apple iliyo kwenye simu hiyo, maana inaweza kukuuliza ikiwaka, na bila tachi utakwama hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikiishika mkononi inafanya kazi vizuri, nikiilaza kitandani inasumbua. Programu hiyo?
Hapana. Ukiishika, mwili wako unasaidia umeme wa simu kutulia. Ikilala juu ya godoro msaada huo haupo, na tachi dhaifu inajionyesha. Anza na protekta. Kama kioo kiliwahi kubadilishwa, kinaweza kuwa cha ubora wa chini.

Fundi, kioo kimenyanyuka pembeni kidogo. Nikikibana tachi inarudi. Niweke gundi?
Usikibane tena, ndugu yangu, na gundi acha. Dalili hiyo mara nyingi ni betri iliyovimba inayosukuma kioo kutoka chini. Izime, usiichaji, ipeleke kwa fundi ikiwa hivyo hivyo. Betri ya lithiamu ikikandamizwa au kutoboka inaweza kushika moto.

Dada hapa. Iliingia maji jana, tachi inajibonyeza. Niizike kwenye mchele?
Pole dada. Mchele hapana, hata Apple wanaukataza, kwa sababu chembe zake zinaweza kuharibu simu. Izime sasa hivi, toa laini, iache penye hewa, na usiichaji. Kama kuna kitu huwezi kukipoteza humo, fundi aifungue mapema kabla kutu haijaanza.

Nimebadilisha kioo na tachi bado haifanyi kazi. Nimepigwa?
Si lazima. Huenda fleksi haijakaa vizuri, huenda kioo kipya ni kibovu, au shida ipo kwenye bodi (sakiti kuu ya simu), kwenye chipu inayosoma tachi. iPhone 6 Plus ilijulikana kwa hilo: mstari wa kijivu ulicheza sehemu ya juu ya kioo na tachi ikagoma, mpaka Apple wakafungua mpango maalumu wa matengenezo mwaka 2016. Rudi kwa fundi, umwombe achomeke kioo kingine cha kujaribia bila kukigandisha. Kikigoma nacho, tafuta fundi wa bodi.