Kabla ya kupanda Uwanda wa Makonde wawili wawili

Mbio za siku nyingi za baiskeli za milimani kwa timu za watu wawili zina kanuni inayobadilisha hesabu zote. Kwenye Cape Epic ya Afrika Kusini, inayochukua siku nane na iliyoanza mwaka 2004, wenza wa timu moja hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili, na muda wa timu ni wa yule anayefika wa pili. Kwa hiyo anayejiandaa kwa hatua moja (yaani siku moja) ya mbio za namna hiyo, akifanyia mazoezi huku kwetu mkoani Mtwara, kati ya Masasi, Newala na Tandahimba, ajipime kwa kasi ya mwenzake.

Ndiyo maana mazungumzo yanatangulia spana. Nani ana nguvu mlimani, nani anaujua mteremko, na nani akichoka hununa badala ya kusema? Huyo wa mwisho mjulikane naye mapema, kwani kununa kunavunja timu kuliko cheni. Chagueni mwito mmoja mfupi. Wa nyuma akisema "Njomba, nimebaki!", wa mbele analegeza miguu papo hapo, bila kugeuka wala kuuliza kulikoni. Mlimani aliye dhaifu akae mbele apange mwendo. Kwenye tambarare, hasa kusi inapovuma usoni mkielekea pwani, akae nyuma, karibu na gurudumu la mwenzake. Pampu, spana na maji ya akiba vibebwe na mwenye nguvu. Hiyo si huruma, ni njia ya kusawazisha kasi.

Baiskeli sasa, na hapa msiharakishe. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina kilomita 210, lakini mazoezi yenyewe yako kwenye vijia vinavyoingia mikoroshoni, na huko ni mchanga. Tairi iwe na upana wa inchi 2.2 au zaidi, na upepo upimwe kwa geji, si kwa kidole gumba. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi zisizo na tyubu anaweza kwenda na psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 20 hadi 25. Mwenye tyubu aongeze kidogo, la sivyo jiwe moja litaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba. Mchangani tumia gia nyepesi, rudisha uzito nyuma, zungusha miguu bila kukatisha, na uache usukani uyumbe kidogo. Anayeng'ang'ania kuunyoosha ndiye anayeanguka.

Halafu kuna mbigili. Ukishatoa tyubu iliyotoboka, usikimbilie kuweka mpya. Chukua kitambaa, kipitishe polepole ndani ya tairi mzunguko mzima mpaka kinase. Hapo ndipo ilipo ncha ya mwiba, fupi kuliko punje ya mchele, na kwa nje huioni. Ikiachwa, tyubu ya pili haimalizi kilomita. Kila mmoja abebe tyubu mbili, viraka na solushen ambayo haijakauka (ukishaifungua mara moja, usiiamini msimu unaofuata). Pampu iwe ya kwenu. Mafundi wa vijijini ni wepesi wa mikono na wengi hawana makuu, ila pampu zao nyingi ni za kujazia Phoenix, na valvu nyembamba za baiskeli za milima hazikubali. Ongezeni kiungo cha akiba cha cheni na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia za nyuma. Kila muundo wa baiskeli una chake, na hapa Masasi hukipati dukani kwa dharura.

Maji ndiyo yanayowashangaza wageni. Juu ya Uwanda hakuna mito. Mvua ikinyesha inazama mchangani na kutokea chini, bondeni. Kwa vizazi vingi watu wa Newala walishuka ukingo kwenda kuteka na kupanda tena na mitungi. Kwa hiyo ulizeni mapema kijiji gani kina maji siku hiyo, na mkichota kwenye ndoo ya mtu, lipeni. Maji msiyoyajua asili yake yatieni dawa na msubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Mnywe kiasi gani? Pimeni uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa mbili au tatu. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Ukirudi umeongezeka uzito, ulikunywa kupita kiasi, na hilo nalo lina hatari yake: maji matupu mengi hushusha chumvi mwilini mpaka mtu akachanganyikiwa. Mchanganyiko wa nyumbani unatosha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo lisichukue nafasi ya mchanganyiko huo.

Chakula cha njiani kilenge gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbili mbivu na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa zinakufikisha huko. Watu wa Tandahimba mtanisamehe, lakini korosho si ya kwenye baiskeli. Ina mafuta mengi na inakawia tumboni. Iwekeni kwa jioni. Na chochote mtakachokula siku ya hatua kiwe mmeshakila mkiwa mazoezini, mkiendesha.

Miwani ni lazima, hasa Juni hadi Agosti, wakulima wanapopulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Vumbi lake likikutana na jasho, macho yanawaka. Bukta yenye pedi ivaliwe bila chupi ndani na ifuliwe kila jioni. Ngozi iliyochubuka siku ya kwanza haiponi ukiwa bado juu ya kiti.

Usiku wa kuamkia hatua, futeni cheni na kuipaka mafuta, kisha mpange jambo moja ambalo timu nyingi huliahirisha: nani ana haki ya kusema tusimame. Jibu liwe yeyote kati yenu, na lisijadiliwe juani. Mwenzako akianza kujibu vitu visivyoeleweka, akiyumba kwenye njia iliyonyooka, au ngozi ikiwa ya moto kupita kawaida, mshushe, mpeleke kivulini, mvue kofia, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma, huku ukiita msaada. Namba ya gari la waandaaji na ya zahanati iliyo karibu ziandikwe kwenye karatasi ndani ya nailoni, kila mmoja yake, kwa sababu simu huzima chaji na bondeni mtandao unakatika.