Okidi mpya imesinyaa? Kabla ya maji, angalia mizizi

Majani ya okidi yakishakunjamana na kulegea, wengi hukimbilia jagi la maji. Subiri kwanza. Jani lililonywea linakwambia kwamba maji hayafiki juu. Halikwambii kwa nini. Huenda mmea haujanyweshwa tangu utoke kitaluni. Huenda pia umenyweshwa mno hadi mizizi ikaoza, na mzizi uliooza hauwezi kupandisha hata tone. Ukitazama majani tu, wagonjwa hawa wawili hawatofautiani kabisa, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake. Ndiyo maana naomba uanzie chini, hata kama maua yaliyo juu bado yanakuvutia.

Ninaishi Kigamboni, na kibaraza changu kinachotazama mashariki kimejaa okidi zilizofika zikiwa hoi. Nyingine nimezinunua mwenyewe kwa bei ya chini baada ya maua kudondoka, nyingine zimeletwa na majirani. Hapa nitazungumzia zaidi falenopsisi, ile yenye majani machache, mapana na manene, kwa sababu ndiyo anayeanza hukutana nayo dukani. Falenopsisi nyingi za biashara hukuzwa Uholanzi na Taiwan, ndani ya vibanda ambako joto, unyevu na mwanga hupimwa saa zote. Kisha hufungwa kwenye boksi, husafiri gizani, hukaa dukani chini ya kiyoyozi. Hadi inafika mezani kwako imeshapoteza maji mengi.

Sasa itoe kwenye chungu. Usiogope, okidi haiumii kwa kutolewa kama mche wa mchicha. Minya kuta za kopo pande zote, kisha ivute taratibu ukiwa umeshika shina, si majani. Ndani utakuta magome ya mti au ile mosi ya kahawia, yaani kuvumwani iliyokaushwa, inayofyonza maji kama sifongo. Angalia hasa katikati kabisa, chini ya shina. Mara nyingi kuna donge la mosi lililoshindiliwa tangu mche ukiwa mdogo, wakati mwingine ndani ya kikapu kidogo cha wavu wa plastiki. Juu panaweza kuwa pakavu kabisa huku donge hilo limeloa na mizizi inaozea humo. Mimi hulichambua kwa kijiti cha mshikaki, nyuzi kwa nyuzi, na wavu naukata kwa mkasi. Kazi hii inataka utulivu. Mzizi mzima ukivunjika hapa ni hasara kubwa kuliko jani kukatika.

Mizizi ikishakuwa wazi, iguse mmoja mmoja kwa kidole gumba na cha shahada. Okidi hizi kwao huota juu ya miti, si ardhini, na mizizi yake imevikwa tabaka nene jeupe linaloitwa velameni, ambalo kazi yake ni kudaka maji ya mvua upesi kabla hayajapita. Mzizi ulio hai ni mgumu ukiuminya. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha. Udondoshee tone la maji uone rangi inavyogeuka kijani pale pale, mbele ya macho yako. Huo una kiu tu. Mzizi uliokufa ni laini, kahawia au mweusi, unatoa maji ukiuminya, na ukiuvuta ganda linavuka na kubaki uzi mwembamba mkononi. Kuna pia uliokufa kwa ukame: mwepesi, bapa, mtupu ndani. Huo hata ukiuloweka hautarudi.

Ukikuta mizizi mingi ni migumu na yenye rangi ya fedha, una bahati, kazi ni nyepesi. Jaza beseni maji yasiyo baridi, loweka mizizi peke yake kwa nusu saa hadi saa moja, kisha itoe ichuruzike mpaka isidondoshe tena. Maji yasiingie kwenye moyo wa mmea, pale majani yanapokutana. Yakiingia, yakaushe kwa ncha ya kitambaa, kwa sababu moyo wa falenopsisi ukioza mmea huo ndiyo basi tena. Fanya hivyo asubuhi ili jioni isikute maji yamebaki kwenye majani. Halafu ngoja. Mizizi ikirudia rangi ya fedha, loweka tena. Usihesabu siku wala usifuate ratiba ya mtu mwingine. Rangi ya mizizi ndiyo inayokwambia zamu imefika.

Hapa niseme neno kuhusu maji yenyewe, kwa sababu kwa sisi wa pwani ndiko tatizo liliko. Visima vingi huku kwetu vina chumvi. Maji yenye chumvi hayaikati kiu ya okidi, huiongeza, kwa kuwa chumvi inayobaki kwenye mizizi huyazuia maji kuingia na ikizidi huyavuta yatoke. Ukiona utando mweupe umeganda juu ya magome au kwenye ukingo wa chungu, ujue hiyo ndiyo chumvi. Wakati wa masika nakinga ya mvua kutoka kwenye bati, nikiyaacha ya mwanzo yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha naweka kwenye mapipa yenye mifuniko ili mbu wasizaliane. Mvua ikikatika, nanunua maji ya kunywa ya dumu kwa ajili ya zile dhaifu. Huenda ukaona ni anasa. Lakini mmea mmoja hautumii mengi, na maji uliyolowekea unaweza kumwagia mpapai.

Ukikuta mizizi mingi imeoza, chukua mkasi. Uchome makali yake kwenye moto, na urudie hivyo kila unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwa makali ya mkasi. Kata yote iliyo laini mpaka ufikie sehemu ngumu. Usione huruma na mzizi uliooza nusu. Kata hadi penye uzima. Mdalasini wa unga unaweza kuupaka kwenye kidonda tu, tena kidogo, kwani ukigusa mizizi mizima unaikausha. Iache kivulini mpaka kesho yake vidonda vikauke.

Na shina la maua likate. Hapa ndipo wengi hunigomea. Binti wa jirani aliniletea falenopsisi ya zambarau aliyopewa zawadi, maua yamejaa, majani yameregea kama kitambaa, na mizizi mizima ilikuwa miwili tu. Alikubali kila kitu isipokuwa kukata maua. Nikamweleza kwamba maua yanakunywa maji ambayo mizizi miwili haiwezi kuyaleta, kwa hiyo yanayanyonya kutoka kwenye majani. Tulilikata shina chini, tukaliweka kwenye glasi ya maji mezani, na maua yakaendelea kupendeza huko huku mmea ukipumzika.

Kwa chungu, usitumie udongo hata kidogo. Mimi nakata chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, naitoboa matundu mengi chini na ubavuni kwa msumari wa moto, na faida yake ni kwamba naiona mizizi bila kuichokonoa. Isiwe kubwa, mizizi michache kwenye chungu kikubwa hukaa na unyevu usiokauka. Ndani naweka vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba pamoja na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi lazima yalowekwe siku kadhaa huku ukibadilisha maji mpaka yaache kutoa rangi ya chai, maana nayo yana chumvi. Kama una ndugu Mafinga au Lushoto, mwombe magome ya paina kutoka mashine za mbao. Ni bora kuliko makumbi, hayaozi haraka. Mmea usiyumbe kwenye chungu. Ufunge kwa kijiti ikibidi, kwani ncha changa ya mzizi husuguliwa na kufa mmea ukitikisika.

Vipi kama hakuna mzizi hata mmoja mzima? Bado lipo la kufanya, ingawa si zote zinazopona. Chukua boksi angavu la plastiki lenye mfuniko. Tandika mosi yenye unyevu kidogo chini, iliyokamuliwa mpaka haidondoki, na weka mmea juu ya kokoto safi ili shina lisiguse mosi. Funika, weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja, maana jua likilipiga boksi utaupika mmea. Fungua kila siku upepo uingie, na ukiona ukungu mweupe ondoa mfuniko siku nzima. Unyevu wa hewa humo hupunguza maji yanayotoka kwenye majani wakati mmea unatafuta nguvu ya kutoa mzizi. Hili ni jambo la wiki nyingi, mara nyingi miezi.

Kwa zile zenye mizizi, mahali pa kukaa ni kivuli chenye mwanga, mbali na kiyoyozi na mbali na feni. Falenopsisi hufunga vinyweleo vya majani mchana na kuvifungua usiku, kwa hiyo hewa kavu ya usiku ndiyo inayoinyonya zaidi. Jioni namwagia maji sakafu ya kibaraza chini ya vyungu, si majani. Wakati wa kusi, upepo unapovuma mkavu, natundika kanga kuukuu upande wa upepo.

Mbolea weka kando kwa sasa. Mzizi uliojeruhiwa hauihitaji, unaungua nayo. Maji ya sukari, aspirini, maganda ya mayai, vipande vya barafu, vyote hivyo viache. Na ile mpya usiichanganye na okidi zako za zamani kabla hujakagua chini ya majani na kwenye maungio. Wadudu weupe mithili ya vumbi la pamba hupenda kujificha humo, nao huondoka kwa pamba yenye spiriti.

Ukiwa na dendrobiamu badala ya falenopsisi, utaratibu wa mizizi ni ule ule, ila mashina yake yaliyosinyaa usiyakate hata yakiwa hayana jani. Humo ndimo mmea umeweka akiba ya maji na chakula, na mara nyingine huchipua mtoto juu. Vanda, inayouzwa kwenye kikapu mizizi ikining'inia, inahitaji kulowekwa karibu kila siku.

Ombi langu moja kwa mnunuzi: zile okidi zilizobanduliwa kwenye miti porini na kuuzwa barabarani, kama Ansellia africana yenye maua ya madoadoa ya chui, usizinunue. Mizizi yake imeng'olewa pamoja na gome na nyingi hufa. Biashara ya kimataifa ya okidi zote za porini inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, na huku nyumbani tuna Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambako okidi za ardhini zimekuwa zikichimbwa viazi vyake kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda. Nunua iliyozalishwa kitaluni.

Utajuaje inapona? Usilikodolee macho jani la zamani. Makunyanzi yake huenda yasinyooke tena kamwe, na hilo si baya. Liache, bado linaulisha mmea. Tafuta ncha ya kijani kibichi au nyekundu iliyong'aa kwenye mzizi wa zamani, au kijinundu kinachotoka ubavuni mwa shina. Baadaye jani jipya litachomoza katikati, gumu, limesimama. Mizizi mipya ikishafika urefu wa kidole, anza mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kila mwezi mara moja mwagilia maji matupu mengi yaoshe chumvi iliyobaki.