Kutengeneza ndani ya sanduku gumu la chipu za poka

Sanduku gumu la plastiki lenye gasketi (mpira wa kuziba ukingo wa kifuniko) na komeo huzuia maji, vumbi na kishindo cha nje. Chipu, yaani visahani vinavyotumika badala ya pesa kwenye mchezo wa karata wa poka, hasa huharibiwa na kugongana zenyewe kwa zenyewe ndani ya sanduku, na hilo halitatuliwi na ugumu wa ganda. Linatatuliwa na sponji iliyokatwa kwa kipimo, ikaishika kila chipu mahali pake hata sanduku likisimamishwa au likipinduliwa.

Anza na vipimo. Chipu nyingi zina kipenyo cha milimita 39 na unene wa takriban milimita 3.3, lakini usiamini namba hiyo kwa seti yako. Panga chipu 20, zibane kidogo kwa vidole, upime bunda zima. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita kwa chipu moja linakuwa milimita 2 kwenye bunda, na hizo ndizo zinazofanya bunda lilegee au lisiingie kabisa. Pima mabunda matano kutoka rangi tofauti kisha tumia kipimo kikubwa kuliko vyote.

Mfano wa seti ya chipu 500 kwenye sanduku lenye nafasi ya ndani ya milimita 425 kwa 284: bunda la chipu 20 ni kama milimita 66, kwa hiyo kila kitundu cha sponji kiwe na urefu wa 68. Vitundu vitano kwa mstari ni 340, ongeza kuta nne za kati za milimita 10, jumla 380. Zinabaki 45, yaani 22.5 kila mwisho. Upana wa kitundu uwe 40. Mistari mitano ni 200, kuta nne za milimita 12 ni 48, jumla 248, na kila upande unabaki na 18. Mabunda 25 yanakaa kwenye tabaka moja. Masanduku mengi hupungua upana kuelekea chini, kwa hiyo pima kwenye kina ambacho sponji itakaa, si mdomoni.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii: sanduku likiwa mezani linalala, lakini likibebwa kwa mpini linasimama kwa ubavu. Mabunda yakielekea upande wa upana, likibebwa kila bunda linakuwa mnara. Chipu zinashuka, zinakandamiza ukuta wa chini, juu panabaki uwazi, na kila hatua unayopiga zinaruka na kurudi. Yaelekeze mabunda upande wa urefu. Hapo chipu zinabaki zimesimama kwa ukingo, na uzito wa mstari mzima, kama kilo 1.15 kwa chipu 100 za gramu 11.5, unagawanyika kwenye ukuta mrefu.

Sponji ya kutumia ni ya polietilini, ile ngumu isiyonyonya maji. Sponji laini ya godoro hubonyea chini ya uzito na haitoi ukingo ulionyooka, na baada ya miaka kadhaa, hasa penye joto na unyevu, inaweza kumeguka na kunata kwenye chipu. Ile inayokuja imechanjwa vijipande vya kung'oa kwa vidole inafaa kwa kamera, lakini kwa chipu kuta zake ni dhaifu. Ukilazimika kuitumia, acha safu mbili za vijipande kati ya mstari na mstari.

Usichimbe vitundu kwenye bamba moja nene, maana sakafu haitatoka sawa. Chukua bamba la milimita 25, toboa vitundu hadi upande wa pili, kisha libandike juu ya bamba zima la milimita 10. Kina cha 25 kina sababu: chipu ya 39 ina upana wake mkubwa kwenye urefu wa 19.5, na ukuta lazima upite hapo ili uishike. Zinabaki milimita 14 juu, zinazotosha vidole kushika.

Chora kwa kalamu yenye ncha nyembamba na rula ya chuma. Kata kwa wembe mpya mrefu kuliko unene wa bamba, ukipitisha mara tatu au nne bila kukandamiza. Ukikandamiza, sponji inabonyea wakati wa kukata kisha inarudi, na ukuta unatoka na kiuno katikati. Hapo chipu inabanwa mahali pamoja na kulegea kwingine. Kwenye pembe, choma wembe wima kwanza halafu kata kuelekea pembe, kamwe usianzie kwenye pembe kwenda nje. Badilisha wembe mara unapoona unavuta nyuzi badala ya kukata.

Gundi ya moto hushika polietilini vizuri kuliko gundi nyingi za maji. Ukitumia gundi yenye harufu kali, acha sanduku wazi hadi harufu iishe kabisa, kwani gasketi itafungia mvuke ndani, na mvuke huo unaweza kulainisha rangi na stika za chipu.

Mabamba hayo mawili yaliyobandikwa ndiyo trei. Chini ya trei weka plaiwudi ya milimita 3, uzungushie mikanda miwili ya kuinulia. Trei iwe pungufu kwa milimita 2 kila upande na utoboe matundu machache sakafuni, la sivyo hewa inanasa na trei haitoki. Chini yake panatosha tabaka la milimita 25 la pakiti za karata.

Mwisho ni kifuniko. Weka donge dogo la udongo wa kufinyangia juu ya chipu kwenye pembe nne na katikati, ukitenganisha na chipu kwa karatasi ya nailoni. Funga, fungua, pima unene uliobaki. Sponji ya kifuniko iwe nene kuliko kipimo hicho kwa milimita 3 hadi 5. Ikizidi hapo bawaba na komeo vinabeba mzigo usio wao, na gasketi haifungi sawasawa upande wa mbele.

Jaza chipu zote, funga, simamisha sanduku kwa mpini, litikise kwa nguvu. Likitoa mlio, fungua utafute bunda lililoinama, kisha bandika kipande cha sponji cha milimita 1 au 2 mwisho wa kitundu hicho.