Ukiomba masta ya fedha, pointi zako hazijielezi zenyewe

Mara ya kwanza nilipoomba masta ya fedha huko Ulaya, shule tatu zilinikatalia. Nilikuwa na asilimia 68, wa tatu kwenye promosyo yetu (darasa la mwaka wetu), na hapa Lubumbashi mtu wa hivyo wadogo zake wanamwita profesa. Lakini anayesoma faili huko anaona 68 na kupita. Hajui kwamba kwetu 70 tayari ni distinksyo, mensyo (daraja la ufaulu) ya juu, na wanaoifikia wanahesabika kwa vidole.

Kwa hiyo anzia hapo. Nenda kwa sekretari wa fakulte uombe karatasi ya ziada, yenye sini na mhuri: ulikuwa wa ngapi, mlikuwa wangapi, mensyo zinagawanywa vipi. Nenda miezi miwili mapema. Mimi nilirudi mara nne: siku moja hakuna umeme, siku nyingine mwenye mhuri yuko mazishini. Andika pia masomo yako ya hesabu peke yake, takwimu na ekonometria zikiwemo, na pointi ya kila somo. Kama takwimu ulipata 9 kwenye 20, usiifiche, wataiona. Fuata kozi ya takwimu kwenye intaneti, faulu mtihani wake, cheti ukiambatanishe.

Barua ya profesa nayo. Wengi wanakimbilia mkubwa wa fakulte, mtu asiyewajua hata sura. Mimi safari ya pili nilikwenda kwa aliyesimamia memwari yangu, ile tasnifu ya mwisho wa masomo. Nikamwambia: “Papa Profesa, ile mara uliponirudishia hesabu mara tatu, uiandike hiyo.” Alicheka, akaiandika.

Mtihani wa kuingia: GMAT ya sasa ina sehemu tatu, dakika 45 kila moja, alama kuanzia 205 hadi 805. Kwenye hesabu hakuna mashini ya kuhesabia, basi zoea asilimia za kichwani. Shule nyingi za biashara za Ufaransa zinapokea pia Tage Mage, ambayo ni ya Kifaransa, na kwetu huo ni unafuu. Ila kule jibu baya linakata pointi, usibahatishe ovyo. Faili itume duru ya kwanza, nafasi na ufadhili vingali vingi.

Sasa barua yako mwenyewe. Yangu ya kwanza ilianza na “tangu utotoni ninapenda fedha”. Nani asiyezipenda? Ya pili niliandika juu ya Kasumbalesa, nilikofanya kazi miezi minane kwa deklaranti (wakala wa forodha) pale mpakani, nikifuatilia malori ya shaba yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Hesabu yake ilikuwa hivi. Tuseme lori lina tani 30, na tani ni dola 9,000: mzigo wa dola 270,000. Kama pesa hiyo imekopwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kila siku lori likilala pale inaondoka karibu dola 89. Siku kumi, 890. Lakini bei ya shaba kwenye London Metal Exchange, soko la metali la London, ikishuka asilimia 3 katika siku hizo hizo, zimekwenda 8,100. Madereva wote wanalalamikia foleni, kumbe mwizi mkubwa ni bei. Wewe huenda huijui Kasumbalesa, lakini unawajua wanaobadilisha dola na faranga barabarani kwenu. Kaa nao wiki moja na daftari.

Kabla ya kuituma, nilimsomea dada yangu anayeuza vitenge soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Na hiyo hasara, anaikula mwenye kuuza ao mwenye kununua?” Sikuwa nimeliandika hilo. Usiku huo nikaongeza mistari minne juu ya mkataba na siku ambayo bei inafungwa, yaani inapowekwa isibadilike tena. Kwenye mahojiano, ndilo swali la kwanza waliloniuliza.