Kupima volti za betri kwa rejea ya ndani ya ATmega328P

ATmega328P, chipu iliyo kwenye Arduino Uno, inaweza kupima volti zinazoiendesha yenyewe bila rezista wala waya wa ziada. Ndani yake kuna rejea, yaani volti ya kulinganishia, ya takriban 1.1 V isiyoyumba sana hata betri ikishuka. Kwa kawaida ADC, sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba, hupima volti usizozijua kwa kutumia rejea unayoijua. Hapa tunageuza kibao: umeme wa chipu, AVCC, unakuwa rejea, na ile 1.1 V ndiyo inayopimwa. Kwa hiyo betri ikishuka, namba inapanda.

```
ADMUX = _BV(REFS0) | _BV(MUX3) | _BV(MUX2) | _BV(MUX1);
delay(2);
ADCSRA |= _BV(ADSC);
while (ADCSRA & _BV(ADSC));
long mV = 1126400L / ADC;
```

Kodi hii inategemea ADC iwe imeshawashwa, na Arduino hufanya hivyo yenyewe. Namba 1126400 ni 1100 mV mara 1024, idadi ya hatua za ADC. Usisahau herufi L: namba hiyo haiingii kwenye biti 16, na ukijaribu kuipata kwa kuzidisha 1100 * 1024 bila L, utapata takataka. Ile delay nayo usiifute ili kuokoa muda, kwa sababu rejea huhitaji kutulia baada ya kuchaguliwa, hasa chipu ikitoka usingizini. Soma mara kadhaa, tupa usomaji wa kwanza, kisha chukua wastani.

Kwenye 5 V utasoma kama 225, na kwenye 3.3 V kama 341. Karibu na 5 V, kila hatua moja ya ADC ni takriban 22 mV, kwenye 3.3 V ni kama 10 mV. Yaani kipimo kinakuwa makini zaidi betri inapochoka, na hapo ndipo unapokihitaji.

Tatizo kubwa ni kwamba 1.1 V si 1.1 V kamili. Mtengenezaji anaruhusu kati ya 1.0 na 1.2 V, kwa hiyo chipu isiyorekebishwa inaweza kukupa 4.6 V wakati ukweli ni 5. Rekebisha kila chipu peke yake. Pima kwa mita kati ya VCC na GND kwenye miguu ya chipu, si kwenye plagi ya USB, na wakati huohuo soma thamani ya ADC. Mita ikionyesha 4930 mV na ADC ikitoa 231, zidisha: 1138830. Hiyo ndiyo namba ya kuweka badala ya 1126400. Ihifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu ya chipu isiyofutika umeme ukikatika, ili programu ileile itumike kwenye bodi zote. Bila marekebisho, chipu hiyo ingesema 4876.

Kama umeunga volti za nje kwenye pini ya AREF, usitumie njia hii kabisa: kuchagua AVCC kunaziunganisha na umeme wa chipu ndani kwa ndani. Kapasita ya 100 nF kutoka AREF hadi GND haina shida.

Kwenye ATtiny85, chipu ndogo ya familia ileile, andika `ADMUX = _BV(MUX3) | _BV(MUX2);`, mengine yabaki vilevile.

Angalia pia regulata, kifaa kinachoweka volti mahali pamoja. Ikiwa iko kati ya betri na chipu, utakuwa unapima regulata tu, na namba itabaki 3.3 V hadi betri iwe imekwisha. Na kama kuna redio au mota, pima wakati inafanya kazi; betri iliyochoka huonekana nzima ikiwa haijabebeshwa mzigo.